Mazoezi ya Msiba wa Mtukufu

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yako, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Na ukiona inafanana na nchi unayoijua, basi hiyo ni bahati mbaya ya nchi yako. Yetu ni nchi njema. Mimi ni Katibu wa Kata, mtu wa serikali tangu ujana wangu, na sina haja ya kusema uongo, maana ukweli wa kwetu huletwa kutoka makao makuu ukiwa umeshapigwa mhuri.

Zamani, kabla ya kuundwa Wizara ya Misiba, watu wetu walikufa ovyo ovyo. Kila kabila lilizika lilivyojua lenyewe, na kila moja liliamini kwamba mengine yanazika kama wanyama. Watu wa Milimani walimzika marehemu akiwa ameketi, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, uso ukiuelekea mlima. Walisema mtu mzima hawezi kulala chali mbele ya mababu zake kama mlevi. Watu wa Ziwani walizika siku hiyo hiyo, kimya kimya, bila sanduku, na kumweka maiti ndani hadi kesho yake kwao ulikuwa uchoyo mkubwa, kana kwamba umeinyima ardhi kilicho chake. Watu wa Tambarare hawakuzika mpaka shemeji wa mwisho afike na ng'ombe wa mwisho aliwe. Mtu akizikwa upesi waliuliza, "Kwani aliiba nini?" Na watu wa Mjini walikodi mshereheshaji, wakashona sare, wakapanga foleni ya chakula, wakapiga video. Jeneza likishatoka mlangoni, mpiga picha aliwaomba walirudishe ndani watoke nalo tena, kwa kuwa mwanga haukukaa vizuri.

Sisi wa Bondeni tulikuwa na watani. Watani wetu ni watu wa Ng'ambo ya mto. Mtu wa Bondeni akifa, lazima aje mtu wa Ng'ambo amtukane. Huvaa nguo za marehemu, hutembea kama alivyotembea, huyasema yale ambayo ndugu zake wanayameza, na mwisho huingia kaburini, hulala humo, na hukataa kutoka mpaka apewe kuku. Waombolezaji humbembeleza, humtisha, humtupia udongo kidogo, naye hulalama na kupiga kelele, watu wanavunjika mbavu. Mwishowe kuku analetwa, mtani anatoka, marehemu anaingia. Na akifa mtu wa Ng'ambo, ni sisi tunaokwenda kutukana.

Sababu yake tulielezwa hivi. Marehemu akisikia sifa tupu, hajitambui. Atadhani anazikwa mtu mwingine, mwema kuliko yeye. Basi ataondoka zake arudi nyumbani, aketi jikoni, aulize chakula kiko wapi. Mpaka asikie aibu zake ndipo anapojua kwamba kweli ni yeye aliyekufa, na ndipo anapotulia. Ni ushamba mtupu, kama unavyoona mwenyewe, na nashukuru serikali yetu haikuufumbia macho.

*

Mambo yalianzia kwenye mazishi ya Makamu. Makamu alifariki kwa maradhi ya ghafla, ambayo alikuwa ameonywa juu yake wiki iliyotangulia. Mtukufu Rais wa Maisha alihudhuria mwenyewe, akiwa na huzuni kubwa na walinzi wengi. Na hapo, akiwa amekaa mstari wa mbele, aliona kwa macho yake jambo la kutisha: wananchi hawakuwa wanalia. Mmoja alikuwa anapiga miayo. Wawili walikuwa wanabishana kuhusu mpira. Bibi mmoja alimnong'oneza mwenzake, na Mtukufu, ambaye masikio yake yametapakaa nchi nzima, akamsikia akiuliza kama pilau imeshaiva.

Mtukufu hakula siku hiyo. Alijiuliza: kama Makamu analiliwa hivi, mimi je? Kesho yake akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimesikitishwa sana na hali ya machozi nchini. Nimewajengea barabara, mkalia vumbi. Nimewapa umeme, mkalia giza. Nimewafunga ndugu zenu kwa sababu za msingi, mkalia sana, tena kwa sauti. Leo nakuja kugundua kwamba machozi mmeyamaliza kwenye mambo yenu binafsi. Nikifa mimi, kama itaonekana inafaa, mtanililia kwa nini? Kwa mate?"

Bunge lilisimama likapiga makofi, kisha likakumbuka, likaketi likalia.

Siku hiyo hiyo ikaundwa Wizara ya Misiba na Maziko ya Umoja, akapewa Dokta Mtengeti, msomi mkubwa wa ufugaji wa nyuki. Amri yake ya kwanza ilikuwa fupi na nzuri. Machozi ni mali ya umma. Tangu sasa mwananchi haruhusiwi kumlilia wala kumzika mtu yeyote, mpaka taifa zima lifanye mazoezi ya msiba wa Mtukufu na Mtukufu mwenyewe aridhike nayo. Waliokufa wasubiri.

*

Wengi walisubiri vizuri. Lakini ndani ya kata yangu akafa Lutonja, fundi baiskeli, na mkewe Bi Sikudhani si mtu wa kusubiri.

Lutonja alikuwa ameinama juu ya baiskeli ya mteja, ambayo aliahidi kuimaliza tangu masika yaliyopita, akaanguka na spana mkononi. Alikuwa mrefu, ana kitambi cha heshima, na masharubu yake yalikuwa kazi pekee aliyoifanya kwa wakati. Nilipofika, Bi Sikudhani alikuwa ameshaanza.

"Lutonja wangu weee! Umeniacha na naniii!"

Nilimziba mdomo kwa upole. "Shemeji, meza."

"Nimeze nini?"

"Kilio. Kimepigwa marufuku. Hukusikiliza redio?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mbwa anayeongea. Kisha akauma upindo wa khanga, akakaa chini, mabega yakimtetemeka. Mabega hayakuwa yametajwa kwenye amri, nikamwachia.

Lutonja akapelekwa mochwari ya wilaya, ambako wananchi walikuwa wamepangwa mmoja juu ya mwingine kama magunia ya mahindi ghalani. Umeme wa huko unakuja unapotaka, sisemi zaidi. Bi Sikudhani akawa anakuja ofisini kwangu kila asubuhi, ananikuta nakunywa chai.

"Katibu, naomba mume wangu azikwe."

"Hakuna aliyekataa, shemeji. Ila ni zamu. Mtukufu kwanza."

"Kwani Mtukufu amekufa?"

Nilisimama nikafunga dirisha. "Hajafa. Wala usiulize hivyo kwa sauti."

"Sasa mtu ambaye hajafa anamzuiaje aliyekufa?"

Ndiyo maana nasema mwanamke huyu alikuwa na matatizo. Nikamkaribisha chai. Hakunywa. Alisema, "Katibu, mimi sitaki makubwa. Nataka alale kwenye udongo, mtani wake aje amseme, atulie. Basi. Ukinipa hilo sitakuja tena hapa." Chai ikanipoa kwa ajili yake, nikakereka sana.

*

Dua yake ikajibiwa kwa njia ambayo yeye hakuitegemea, na mimi najivunia kuwa nilikuwa na mkono ndani yake. Mazoezi ya msiba yanahitaji maiti. Mtukufu hangeweza kulala kwenye jeneza mwenyewe, kwa kuwa daktari wake na mganga wake, ambao huwa hawakubaliani hata juu ya maji ya kunywa, wote walimkataza. Waziri Mtengeti alijitolea kulala yeye. Mtukufu akamwambia ni mfupi, tena akilala humo anaweza kuzoea. Basi maofisa wakazunguka mochwari zote za nchi na futi ya fundi cherehani, wakitafuta maiti mwenye umbo la Mtukufu. Walipofika wilayani kwetu niliwaongoza moja kwa moja hadi kwa Lutonja. Walimpima kitambi, wakatazamana, mmoja wao akampigia saluti bila kujijua.

Nilikimbia hadi kwa Bi Sikudhani. "Shemeji, pokea hongera! Mumeo anazikwa na taifa zima! Anavishwa suti, anapewa nishani, mizinga inapigwa!"

"Mtani wake atakuwepo?"

"Mabalozi watakuwepo!"

"Chambuso atakuwepo?"

Chambuso ni mzee wa Ng'ambo, muuza ugoro, mtani wa Lutonja tangu wote wawili wakiwa vijana. Walikuwa wanatukanana sokoni kila gulio mpaka watu wanaacha kununua. Nilimweleza Bi Sikudhani kwamba kuanzia sasa marehemu si Lutonja tena. Kwa mujibu wa Wizara, marehemu ni Mtukufu, na Mtukufu hana mtani. Aliyewahi kuwa mtani wake alikuwa Makamu.

*

Kabla ya mazoezi ilikaa Tume ya Kuoanisha Mila. Nilikuwemo kama mwakilishi wa Bondeni, nikala vizuri.

Mjumbe wa Milimani alisema Mtukufu aketi. Mjumbe wa Mjini alisema alale, maana jeneza la kioo limeshaagizwa. Mjumbe wa Ziwani, mzee mpole mwenye kofia ya ukindu, alisema azikwe mara moja na bila kelele. Mjumbe wa Tambarare aligonga meza.

"Azikwe mara moja? Kiongozi mzima? Kwani aliiba nini?"

Kila mjumbe aliinamia sahani yake. Mjumbe wa Tambarare naye akawa anatazama mikono yake. Tangu mchana huo hatujamwona, na kiti chake alipewa binamu yake, mtu asiye na maswali.

Waziri Mtengeti alitoa suluhisho lililotufurahisha sote. "Waheshimiwa, umoja ni kutokuacha kitu," alisema. "Atazikwa kwa mila zote. Ataketi, kisha atalala. Atazikwa haraka, kisha atafukuliwa wasubiriwe mashemeji. Watu watanyamaza kwa sauti, halafu watalia kimya, halafu wataingia kwenye foleni ya chakula."

Nikauliza kuhusu watani, kwa sababu ya kutumwa na kata tu. Waziri akacheka mpaka akafuta miwani. "Katibu, umeshawahi kusikia wapi msiba wa kuchekesha?"

*

Mazoezi yakafanyika katika Uwanja wa Umoja. Kaburi lilichimbwa katikati, pana kama kisima cha kijiji. Pembeni likasimamishwa hema jeupe lenye pazia, na ndani yake akakaa Mtukufu mwenyewe na kiti chake, asikilize atakavyoliliwa. Wananchi waliletwa kwa malori kutoka pande zote. Lutonja alikuwa amependeza mno katika suti yake ya nishani. Waliokuwa karibu naye walishika pua, lakini kwa heshima.

Jaribio la kwanza halikwenda vizuri. Watu wa Milimani walimketisha Lutonja, watu wa Mjini wakamlaza ili apigwe picha, wakavutana, mkono wa suti ukachanika. Walipopewa ishara ya kulia, wa Ziwani walinyamaza kama wanavyonyamaza kwao, wa Tambarare wakaanza kuimba sifa za ng'ombe, na wengine wakalia kama watoto waliofinywa, wakichungulia kama waliowafinya wanatazama. Pazia la hema halikutikisika. Kisha ikatoka sauti: "Rudieni."

Lutonja akafukuliwa. Kesho yake akazikwa upya. Ikatoka sauti: "Rudieni."

Siku iliyofuata Waziri aliomba msaada wa polisi, nao wakarusha mabomu ya machozi kwa ukarimu mkubwa. Machozi yalipatikana, tena mengi. Mtukufu akasema nyuma ya pazia, naye sauti imemkauka, "Hawa wanakohoa. Sitaki kukoholewa. Rudieni!"

Hivyo Lutonja akawa anaingia na kutoka ardhini kama mtu asiyejua alichosahau nyumbani. Na Bi Sikudhani alikuwepo kila mara, amesimama nyuma ya kamba na khanga yake ile ile. Siku moja alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Katibu, wewe ni mtu wa Bondeni kama mimi. Wanamwita jina lisilo lake. Wanampigia mizinga. Wanamsifu kuleta amani ukanda mzima, mtu ambaye hajawahi kuleta hata kuni. Atajuaje kwamba amekufa yeye?"

"Shemeji, hizo ni imani."

"Jana nimemkuta jikoni," alisema.

Nikamwambia akapumzike. Ila nakiri kwamba nywele zilinisimama, na hilo halikuwa kosa langu.

*

Alichokifanya baadaye nilisimuliwa na watu wa kuaminika, wale wanaolipwa kusikiliza. Alivuka mto, akamkuta Chambuso anasaga ugoro wake.

"Chambuso, mtani wako anateseka."

"Ateseke," alijibu mzee bila kuinua kichwa. "Ana spana yangu huyo. Nilimwazima kabla hata hajakuoa. Bora asizikwe kabisa." Kisha akamwona uso, akaacha kusaga. "Shemeji, keti. Nimesikia wanachomfanya. Siku hizi nikipita sokoni sina wa kumtukana, mdomo unaniwasha."

"Njoo umseme."

"Wataniua, mama."

"Utamsema Lutonja. Hutamsema mtu mwingine yeyote. Ukija ukasema ukweli wake, hata neno moja la Mtukufu halimo."

Chambuso akafikiri sana. "Hapo ndipo penye hatari," alisema. "Lakini nikikataa, nikifa mimi nani wa kwenu atakuja kunisema? Nitakuwa natangatanga na huyo mjinga jikoni kwako, tunagombania ukoko." Akacheka peke yake, halafu akaacha. "Nipe ovaroli lake."

*

Jaribio la mwisho lilikuwa Jumamosi. Jua lilikuwa kali, uwanja umejaa, Waziri ameshaambiwa kwamba likishindikana na hili, kaburi lipo wazi na yeye si mfupi kiasi hicho. Hotuba zikasomwa. Askofu akasema, sheikh akasema, mkuu wa majeshi akasema. Watu wakalia kwa zamu, mkoa kwa mkoa, kavu kabisa.

Ndipo Chambuso akatokea katikati ya umati, amevaa ovaroli la Lutonja lenye grisi, amefutika mto tumboni, masharubu ameyachora kwa mkaa. Alitembea kitambi mbele, mikono nyuma, akipepesuka taratibu. Sisi wa Bondeni tulimtambua Lutonja papo hapo. Lakini wengine elfu kwa elfu hawakuwahi kumwona Lutonja maishani mwao. Wao walimtambua mtu mwingine.

Kicheko cha kwanza kilitoka upande wa Ziwani, kwa wale wasiotoa sauti msibani. Kilikuwa kidogo, kama mtu aliyepaliwa.

"Mvivu wewe!" Chambuso aliliambia jeneza. "Kila siku kesho! Tukuletee kitu kizima ukiharibu, tukuletee kibovu ukiue! Unatia kiraka juu ya kiraka, halafu unatuambia tupande twende!"

Umati ukaguna. Mwanamke mmoja alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mchoyo! Sahani ikija unaikumbatia kama mtoto mchanga. Ukishashiba unatuuliza mbona tumekonda! Na hicho kiti! Umekikalia mpaka kimechukua umbo lako. Tulikuwa tunasubiri usimame hata ukajisaidie, tukae na sisi kidogo!"

Hapo uwanja ulipasuka. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Wa Milimani walishikana mabega, wa Tambarare walijipiga mapaja, wa Mjini waliangusha kamera. Askari waliuma midomo mpaka kofia zikawa zinacheza. Na Bi Sikudhani, nyuma ya kamba, alikuwa anacheka na kutikisa kichwa, anasema, "Ndiye! Ndiye huyo huyo!" Kwa mara ya kwanza tangu Lutonja aanguke nilimwona ana uso wa mtu aliyelala vizuri.

Pazia la hema lilikuwa linatikisika.

Chambuso akaruka kaburini. Akajilaza chali, akakunja nne, akaweka mikono nyuma ya kichwa. "Sitoki!" alipaza sauti. "Leteni kuku! Tena jogoo, si yale mavifaranga yenu ya Bondeni!"

Tulicheka. Kila mtu, hata wasiojua mila yetu, alielewa mara moja. Ni mchezo ulio wazi. Waziri Mtengeti aliitwa hemani, akaingia, akatoka. Uso wake ulikuwa kama karatasi ambayo haijaandikwa kitu. Akashika kipaza sauti.

"Mtukufu ameelekeza," alisema, "kuku asitolewe. Zikeni."

Watu walishangilia! Tulidhani Mtukufu ameingia kwenye utani, na tulimpenda siku hiyo, nasema kweli, tulimpenda. Maana ndivyo inavyokwenda: unamtisha mtani, unamtupia udongo, anapiga kelele. Nilinyakua koleo la kwanza mimi mwenyewe. Nikamtupia miguuni.

"Wewe Katibu!" Chambuso alipiga kelele. "Koleo umelishika kama kalamu! Hujawahi kulima wewe!"

Nilicheka mpaka machozi. Bi Sikudhani alipita chini ya kamba, akaja, akatupa konzi moja ya udongo, kama mjane anavyotakiwa. "Kula huo, mtani! Kuku hatuna!"

"Shemeji, na wewe? Nitakuja kukaa jikoni kwako!"

Jeneza la kioo likateremshwa kando yake, na Chambuso akalipigapiga ubavuni. "Lutonja, sogea, tumebanwa!" Watu hoi. Askari wakaja na makoleo yao. Halafu upande wa pili tingatinga likaunguruma, na tingatinga nalo tukalicheka, tukaona Wizara imejitahidi kweli kweli. Liliusukuma udongo mara moja.

"Jamani," ilisema sauti kutoka chini, "basi. Basi, natoka. Sitaki kuku."

Mtani kusema "basi" ni sehemu ya mchezo. Tulicheka. Tingatinga likarudi nyuma, likasukuma tena.

Tukasubiri neno la kuchekesha zaidi.

Wa kwanza kunyamaza alikuwa Bi Sikudhani. Kisha niliona amepiga magoti, anafukua kwa mikono, udongo unaruka nyuma yake, na anaita, "Chambuso! Chambuso, kuku yupo! Nimemleta kuku!" Hakuwa na kuku yeyote. Askari alimshika kiunoni akamwinua, naye akawa bado anafukua hewa. Ukimya ukaenda ukizunguka uwanja, mstari kwa mstari, mpaka ukafika malorini.

Ndipo kikaja kilio. Bi Sikudhani alikianza, na uwanja mzima ukakipokea. Wa Ziwani walilia kwa sauti, wa Mjini walijitupa mavumbini na sare zao, wa Milimani walilala chali kama walevi, na hakuna mtu wa Tambarare aliyekumbuka shemeji wala ng'ombe. Hukuweza kusema huyu ni wa kabila gani. Walilia kilio kimoja. Nchi yetu, tangu ipate uhuru, haikuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote kwa kiasi kile.

Pazia likafunguliwa. Mtukufu alitoka, amesimama juani, machozi yakimlengalenga machoni. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Wananililia," alisema.

*

Taifa lilifaulu. Marufuku iliondolewa, na wananchi waliokuwa mochwari walirudishwa kwa jamaa zao, kwa kadiri jamaa walivyoweza kuwatambua. Waziri Mtengeti alipandishwa cheo akawa Makamu, na tunamtakia afya njema. Wizara imeingiza utani rasmi katika Mwongozo wa Maziko ya Umoja, jambo ambalo sisi wa Bondeni tunaliona kuwa heshima kubwa.

Kuhusu Chambuso, mkewe alikuja ofisini kwangu kuulizia. Nilimweleza kwa upole kwamba kaburi lile ni la mtu mmoja, Mtukufu, naye ni mzima wa afya. Kwa hiyo humo hamna mtu.

Nilikwenda mwenyewe kumpa Bi Sikudhani habari njema kwamba sasa anaruhusiwa kulia. Nilimkuta anafunga khanga kwa safari.

"Lutonja haji tena jikoni," aliniambia. "Ametulia. Sasa naenda Ng'ambo kumsema Chambuso."

"Shemeji, Chambuso hajafa."

"Ametukanwa na nani, basi? Nani amemwambia kwamba ni yeye?"

Akavuka mto. Nilimfuata kwa mbali, kwa sababu za kikazi. Alisimama kwenye ua wa Chambuso, mbele ya mkewe na watoto wake, amevaa kanzu ya mzee ambayo inamburuza, ugoro umemjaa puani. Aliwaambia alivyokuwa mwongo, alivyokuwa anapunja ugoro kwa kuchanganya majivu, alivyomwogopa kinyonga. Aliwaambia kwamba alikuwa mjinga kuliko wajinga wote wa Ng'ambo, maana alijua atauawa, akaja. Mke wa Chambuso alicheka, akacheka, akaanguka kwenye mkeka, na pale kwenye mkeka kicheko kikageuka. Sauti ya Bi Sikudhani ilikuwa kubwa. Niliisikia vizuri kabisa hata niliporudi upande wa pili wa mto.

Niliandika taarifa, kama inavyonipasa. Jumatatu gari la Wizara lilikuja, na ofisa mmoja kijana, mwenye adabu sana, alinieleza kwamba Mtukufu anataka kukisikia kile kilio mara moja zaidi. Aliniuliza kama Bi Sikudhani ana sauti inayofika mbali akiwa chini.

Nikamwambia anayo.